Usisome, Shemeji

Hospitalini kwetu tulimwita Mkamuzi. Wageni walidhani ni kwa sababu ya chai, maana kweli mfuko mmoja wa majani aliukamua vikombe viwili, na kile cha pili akakugawia wewe. Lakini jina lilitokana na kazi. Alikaa chumba cha kompyuta, mlango unaotazamana na wangu wa eksirei, na kazi yake ilikuwa kuzibana picha ili zipite kwenye mtandao.

Picha ya kifua ni nzito. Zahanati za pembezoni zinaweza kuipiga, ila hazina daktari wa kuisoma. Lazima zitutumie sisi. Mtandao wao ni wa kuja na kuondoka, na kompyuta zao ni zile tulizozichoka sisi. Zamani picha ilianza kutumwa asubuhi, mgonjwa akasubiri hadi akakata tamaa, akajiendea zake na mbavu zake zilizovunjika. Mkamuzi aliliona jambo hilo kama tusi lililoelekezwa kwake.

Njia nzuri za kubana picha zilikuwepo, ila nyingine zina wenyewe. Kampuni huzikatia hataza, yaani haki ya kisheria inayosema njia hii ni ya fulani, na atakayeitumia bila ruhusa atajibu mahakamani. Basi akatafuta njia yake, na ikamla miaka. Programu yake ilianza kutuma pale penye mfupa unaotiliwa shaka, ikatanuka kwenda pembeni, hivyo daktari alianza kusoma kabla picha haijamaliza kufika. Na haikupoteza hata nukta moja. Siku alipoionyesha mara ya kwanza, mkutanoni, mbele yetu sote na wahudumu wa zahanati, nilimwambia aache uchoyo, atabasamu. Akatabasamu, kidogo.

Alitaka zahanati ziitumie bure. Hilo tu. Hofu yake ilikuwa moja: huenda bila kujua amekanyaga hataza ya mtu. Alikuwa tayari kuketi azisome zote, lakini kwanza akamwuliza mume wa dada yake, ambaye ni wakili.

"Usisome, shemeji," Wakili alimwambia. "Ukisoma halafu ukashtakiwa, watasema ulijua ukafanya kusudi. Asiyesoma analala usingizi wake. Hebu nieleze hiyo njia yako, nitakuangalizia mimi."

Ushauri wenyewe si wa uongo. Watu wengi wa kompyuta hupewa huo huo. Ndiyo maana ulimwingia. Akaeleza palepale mezani kwa dada yake, siku ya Jumapili, sahani bado hazijaondolewa. Wakili akabaki kukodoa macho. Basi Mkamuzi akawapanga ukutani watoto wao wanne, kwa urefu.

"Ukitaka kunitajia urefu wao, nitajie wa kwanza tu," alisema. "Kisha niambie kila mmoja amempungukia mwenzake kiasi gani. Tofauti ni ndogo, na kitu kidogo husafiri upesi."

Yule wa tatu akainua visigino kuharibu hesabu, wenzake wakacheka. Mkamuzi akasema hata hilo lina dawa: mkorofi mmoja akitoka kwenye mstari, unamtaja peke yake.

Dada yake alikuwa akisikiliza. Dada ni mwalimu wa hesabu. Ndiye aliyemlea Mkamuzi mama yao alipofariki, na ndiye aliyemfundisha kuhesabu, sakafuni, kwa vifuniko vya soda. Nilisimuliwa habari za vifuniko hivyo hadi nikazijua rangi zake.

Zahanati zikaanza kuitumia programu. Mwaka uliofuata zikapokea onyo: lipieni leseni au zimeni programu, ina mwenyewe. Nyingi zikazima. Mkamuzi akampigia Wakili mbele yangu, simu ikiwa spika.

"Usilisome hilo onyo, shemeji," Wakili akasema. "Nitumie mimi."

Kwa mara ya kwanza hakumtii. Aliitafuta hataza yenyewe kwenye mtandao, akaisoma kwenye kompyuta yangu. Ilikuwa lugha ya kisheria ya kukausha koo, na katikati yake walisimama watoto wanne kwa urefu, wa tatu ameinua visigino. Wavumbuzi walioandikwa walikuwa wawili, Wakili na mke wake.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi niliongeza mengine ambayo wahenga hawakuyasema, na siyarudii hapa. Mkamuzi aliniomba nimsindikize kwa dada yake.

Wakili hakuwepo, watu wa aina yake huwa na safari. Dada alitupa viti na chai.

"Shemeji kanidhulumu, sawa, yeye ni wa kuja," Mkamuzi akasema. "Niambie tu kwamba alikuandika wewe bila kukuambia."

Alikuwa anamtupia kamba. Niliiona. Dada hakuishika.

"Unadhani nani alimweleza hadi akaelewa? Niliiandika mimi, mdogo wangu. Ulitaka kuigawa bure. Angekuja mtu wa nje akaibeba. Afadhali ibaki nyumbani."

"Nyumbani kwa nani, dada?"

Dada akasema chai inapoa.

Hataza ilifutwa baadaye, na zahanati ziliwasha tena programu. Ninalisema mapema ili usiniulize. Lakini siku tuliyokwenda ofisi ya hataza kuweka pingamizi, mimi nikiwa shahidi kwamba aliionyesha programu mkutanoni kabla ya Jumapili ile, hatukulijua hilo. Tulichojua ni kwamba tukishinda, dada atatajwa mwongo hadharani, na huenda shule ikamfukuza. Iliniuma, na sikumpenda hata kidogo yule mwanamke. Ngazini nilimwambia Mkamuzi bado anaweza kurudi.

"Kuna mtu kule zahanati amekaa na mbavu zake," akanijibu, akapanda.

Afisa alikuwa mpole. Aliyasoma majina ya wenye hataza, akauliza, "Hawa wawili unawafahamu?"

"Huyu wa kwanza ni mume wa huyu wa pili," Mkamuzi akasema. Akaitazama meza. "Huyu wa pili ndiye aliyenifundisha kuhesabu."

"Kwa hiyo niandike ndiyo."

"Andika hapana," akasema Mkamuzi.