Vinundu vya Irakoze

Bibi Verediana alisifiwa kwa mikono yake huko kwao, nje kidogo ya mji wa Kasulu. Mtoto akivimba tezi za shingoni, alipelekwa kwake. Alipasha mawese, akayapaka, akakanda polepole huku akimtania mtoto mpaka acheke. Tezi nyingi zilinywea, na sifa zote akazichukua yeye, ingawa zingenywea hata kama angekaa tu akitafuna karanga.

Za Irakoze, binti wa jirani yake Yusta, zilikataa. Zilijipanga chini ya sikio kama maharage ndani ya ganda.

"Bibi, isije ikawa kifua kikuu?" Yusta aliuliza.

"Kifua kikuu shingoni? Na mtoto hata hakohoi! Wewe subiri, mimi nikande."

Yusta ana adabu zake, akasubiri. Mahindi yakavunwa, Irakoze akazidi kukonda. Siku kinundu kimoja kilipopasuka na kutoa usaha, ndipo wakakimbilia kituo cha afya, Verediana mwenyewe akiwa amembeba mtoto mgongoni.

Daktari Godson, kijana aliyehamishiwa huku kutoka Moshi, aliwaeleza majibu ya vipimo bila papara. "Ni kifua kikuu cha tezi. Sisi tumeuita kwa jina la kifua kwa kuwa huko ndiko unakopiga sana. Lakini jina lake la kitaalamu, tuberkulosi, limetokana na neno la Kilatini, tuberculum, maana yake kinundu kidogo. Madaktari wa zamani walipopasua maiti walikuta vinundu kwenye mapafu, na ugonjwa ukaitwa kwa jina la vinundu hivyo. Navyo huota popote." Akawatazama. "Mbona mmechelewa hivi? Nani aliwaambia msubiri?"

Verediana aliinamia vidole vyake. Bado vilinuka mawese.

"Tulichelewa wenyewe, daktari," alisema Yusta.

Na bibi mzima, mdomo wote ule wa kutania watoto, akanyamaza kimya.

Irakoze alimeza dawa miezi mingi, akanenepa, akarudi shule akiwa na kovu shingoni. Verediana aliacha kukanda. Kila aliyemjia alimwelekeza kwa daktari. Lakini roho ilimsuta. Kila Jumapili baada ya misa Yusta alimletea kibakuli cha maharage, akakiweka mlangoni, akasalimu na kuondoka. Maharage yale Verediana hakuweza kuyala.

Jumapili moja Verediana akamshika mkono. "Yusta mwanangu, hukuchelewa wewe. Mimi ndiye niliyekuchelewesha. Daktari aliuliza, nikakuacha ubebe lawama yangu."

Yusta aliweka kibakuli chini.

"Najua, bibi. Muda wote huu naleta maharage, nangoja useme."

Kisha akavua kandambili, akaingia ndani, akaketi.