Mwalimu Anayeziba Picha

Kila jioni binti akirudi nyumbani ilikuwa mwalimu wetu kasema hivi, mwalimu wetu kasema vile, mpaka roho ikamuuma mama yake, akaja shuleni kumwona huyo mwalimu kwa macho yake. Alisimama nje ya dirisha la darasa. Kumbe ni kamwanamke kafupi tu, vidole vimejaa chaki, sauti ya chini hadi wanafunzi wanainama mbele kumsikia. Alikuwa amebandika ubaoni tangazo la sabuni, lenye picha ya mama anayefua huku akicheka. Akaliziba nusu kwa kiganja, akasubiri watoto waitazame nusu iliyobaki, akaziba nusu ya pili, akasubiri tena, kama mtu asiye na haraka na dunia. "Huyu mama anayefua, mnamjua?" aliuliza.

Binti wa yule mama wa dirishani akanyoosha mkono. "Mama yangu anafua, lakini hachekicheki hivyo."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Aliiacha picha, akamsogelea. "Huwa anafanyaje?"

"Huwa anaimba. Akidhani hatumsikii, anaimba vizuri sana."

Pale nje mama alishika nondo za dirisha. Miaka yote hiyo, na maneno hayo kapewa yule mwalimu.

"Mwanangu," alinong'ona, "si ungeniambia mimi?"