Siku Macho Alipotuuza

Juzi nilikwenda kumsalimu dada yangu pale Vulamba, nikakuta watoto wake wamegombana hadi hawasemezani. Kisa ni filme. Kikosi cha mashujaa wanachokipenda kimetoka tena, sehemu ya pili, wameitazama kwenye simu, na shujaa mmoja kawageuka wenzake. Mkubwa anasema wameiharibu filme, wa katikati anaapa kwamba alijua mapema, mdogo analia machozi ya kweli. Dada yangu akacheka, akaniambia: "Ona aba bajinga! Kulilia mutu wa mu telefone!" Nilicheka. Kisha chai ikanishinda kunywa, maana sisi tulifanya makubwa kuliko kulia.

Ilikuwa wakati wa vita, wakati mji wetu wa Butembo ulipokuwa ukibadilisha wenyewe kila mara, na sisi watoto tukijifunza salamu mpya za askari wapya. Shule ilifunguliwa ilipofunguliwa. Lakini salle ya video haikufungwa hata wiki moja. Ilikuwa nyumba ya udongo yenye mabenchi ya mikaratusi, televisheni moja juu ya meza, na nje grupu ya umeme ikinguruma na kunuka petroli. Ukiingia, harufu hiyo ilichanganyika na ya mahindi ya kuchoma na ya kasiksi, pombe ya ndizi waliyokunywa wakubwa. Mwenye salle alituingiza bure tukimletea mke wake maji ya chemchemi, bidoni mbili kila mmoja. Nyumbani nilikuwa mvivu wa kuteka maji, bibi yangu ni shahidi. Kwa salle nilikuwa punda.

Filme zilisema lugha tusiyoijua, kwa hiyo mtafsiri alisimama kando ya televisheni na fimbo yake, akatusimulia kwa namna ya kwetu. Kwake yeye adui wote walitoka porini, watu wazuri wote walikula obundu, ugali wetu wa muhogo, na sombe, majani yake, na jambazi aliyechelewa kufa alitukaniwa baba. Kikosi tulichokipenda sisi kilikuwa na watu watano. Mimi na wenzangu watatu tukajigawia. Mimi nilijitwalia Radi, kwa sababu nilikuwa na mdomo mkubwa kuliko wote. Aliyebaki bila mwenyewe ni Macho. Macho hapigani, yeye huona kupitia ukuta na kuwaambia wenzake adui yuko wapi. Huyo tukampa yule wa Oicha.

Yule wa Oicha alikuwa msichana kama mimi, wa rika langu. Alikuja kwa miguu na mama yake wakikimbia vita, jirani yetu akawapa jiko lake walale humo. Alikuwa na gauni moja. Watoto wengine walimwita mukimbizi na kuziba pua akipita, lakini kwetu alikuwa Macho, na alikuwa hodari ajabu. Alipanda juu ya rundo la matofali, akaweka mkono juu ya paji la uso, akatangaza: "Kwa mwalimu, ni maharagi. Kwa jirani, sombe hapana mafuta!" Tulikimbia kuchungulia, na hakukosea hata mara moja. Alijua moshi na harufu, basi, ila sisi tulimwamini kabisa. Nilimpenda. Nasema hivi mapema, kusudi usidhani nilikuwa na chuki naye.

Sehemu ya pili ilipofika, mji mzima ulijaa mle ndani. Yule wa Oicha hakuja. Siku hiyo alikuwa akilima mashamba ya watu pamoja na mama yake. Mimi nilitoroka. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, na alikuwa ameapa kunivunja miguu akisikia nimeingia salle, nyumba ya shetani. Nikakaa benchi la mbele. Filme ilipofika katikati, Macho akawauza wenzake, na mtafsiri akaruka na fimbo yake: "Muone! Muone! Njo yeye anapelekaka habari mu pori! Complice!"

Hujaona watu kukasirika namna ile. Vijana walivunja benchi. Muuza mandazi, mama mzima, alipiga kelele kwamba mtafsiri anadanganya, filme irudishwe nyuma. Fundi wa baiskeli alilia. Sisi wanne tulitoka, na kabla hatujafika nyumbani tulikuwa tumekwisha kukata hukumu.

Kesho yake mchana tulimkamata juu ya matofali yake. Tukamfunga mikono kwa kamba za mgomba, tukampigisha magoti njiani. Alicheka, akidhani ni mchezo mpya. "Mu filme nilifanya nini?" aliuliza. Hatukumwambia. Tukamwaga majivu kichwani mwake, mmoja akampiga kofi, na hapo akaacha kucheka. Mimi nikapaza sauti ya Radi: "Sema! Unapelekaka habari mu pori! Weye na mama yako! Complice!" Yule mama sikumwona katika filme yoyote. Nilimwongeza mwenyewe, kwa sababu ilinoga.

Askari wawili wa kizuizi cha barabarani walikuwa wakipita, wanatafuna mahindi. Wakasimama. Siku zile neno complice, yaani mshirika wa wapiganaji wa porini, lilitosha kumtoa mtu nyumbani asirudi, na sisi tulilijua hilo kama tulivyojua majina yetu.

"Yaka awa," mmoja alituita kwa Kilingala chao. "Nani anapelekaka habari?"

"Ni filme tu, afande," alisema yule wa Oicha, magotini. Akanitazama. "Muulize uyu. Yeye alionaka."

Askari akanigeukia. Na nyuma yake nikamwona baba yangu, anatoka kanisani na Biblia kwapani, ameshafika pale, anasikiliza.

"Ulionaka iyo filme?"

"Hapana," nikasema. "Miye siendaka mu salle."

"Mutoto wangu hapana wa salle," baba akaongeza, akaniwekea mkono begani. "Haongopake."

"Na mama ya uyu, anaendaka wapi?"

"Anaendaka Vuhovi kila siku ya posho," nikajibu, yaani Jumamosi. Ilikuwa kweli. Alikwenda kutafuta mihogo, na upande wa Vuhovi ndiko walikokuwa watu wa porini. Wenzangu watatu walitazama chini. Askari wakamfungua yule wa Oicha zile kamba zetu, wakamwambia awaonyeshe mama yake anapolima.

Mama huyo alirudishwa siku ya tatu juu ya chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, amelala kwenye magunia, kwa sababu nyayo zake zilizopigwa hazikuweza kukanyaga. Jirani aliogopa, akawataka watoke jikoni mwake. Walipoondoka mama alijikokota na fimbo, mtoto kabeba sufuria kichwani. Walishika njia ya kaskazini, ya kurudi Oicha, wakati ambao watu wote walikuwa wakiikimbia. Sijui walifika wapi. Nimewahi kwenda Oicha mara mbili kwa biashara ya kakao, na mara zote mbili sikuuliza.

Pale palipokuwa na salle sasa wanauza saruji. Mtafsiri amekufa, chemchemi imezibwa na nyumba, na baba amelala makaburini akiamini alizaa mtoto msema kweli. Wenzangu wa zamani tukikutana husema, ah, utoto wetu ulikuwa mtamu, watoto walicheza pamoja. Sibishi. Ulikuwa mtamu.

Jioni ya siku ile ya kamba, mama alipika kuku. Kwetu firigisi ni ya baba peke yake. Mtoto haigusi, na msichana ndiyo kabisa. Baba akaitoa kwenye sahani yake, akaiweka juu ya obundu yangu mbele ya kaka zangu wote. "Kula," akasema, "weye ulisema kweli." Nikaila yote, nikalamba vidole.