Karani Nukta na Kura ya Mheshimiwa

Kazini walimwita Nukta. Jina hilo lilimpata mwaka wake wa kwanza bungeni, kwa kuwa kila alipomsomea mwenzake maandishi ili wayahakiki, alitamka mpaka alama: mkato, nukta, fungua usemi, funga usemi. Wenzake walimcheka, jina likaganda. Miaka kumi na tisa baadaye hata walinzi wa getini hawakumjua kwa jina jingine.

Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Huko juu ukumbini wabunge walisema. Huku chini, katika chumba chenye dirisha moja lililotazama ukuta, Nukta alikaa na vipokea sauti masikioni, mguu juu ya kikanyagio cha kurudisha sauti nyuma, akiyageuza maneno yao kuwa Taarifa Rasmi. Wengi wao hakuwahi kukutana nao uso kwa uso, lakini aliwajua kwa makoo yao. Alijua nani hupumua kwa nguvu akikasirika, na nani hunywa maji kabla ya kuomba radhi.

Jumanne moja ulipigiwa kura muswada wa Bonde. Ulitaka watu wote wa bondeni wahamishwe ili pajengwe maghala ya makontena. Dada yake mkubwa alikuwa akiishi bondeni, huo ukiwa mwaka wa thelathini na moja, akishona sare za shule mlangoni pa nyumba yake. Kwa hiyo siku hiyo Nukta alisikiliza kwa masikio ya karani na ya ndugu.

Kura ilikuwa ya kuitwa majina. Katibu anamwita mbunge, mbunge anajibu ndiyo au hapana, basi. Ilipofika zamu ya Mheshimiwa wa jimbo lile lile la bondeni, sauti nzito ikajibu, "Ndiyo," kisha ikakohoa. Nukta alihisi kitu kikimchoma chini ya titi. Hata hivyo vidole havikungoja moyo. Vikachapa Ndiyo, vikaendelea na jina lililofuata.

Alasiri ile ile simu ikalia. Ni dada.

"Mdogo wangu, umeuona ujumbe wa Mheshimiwa? Hebu nikusomee." Akasoma taratibu, kama mtu anayesoma barua ya mchumba. "Ndugu wananchi wangu, leo nimesimama nanyi. Nimepiga kura ya HAPANA. Wengi wametushinda, lakini mbunge wenu hakuwasaliti." Akaacha kusoma, akaongeza, "Hapana ameiandika kwa herufi kubwa. Unaona? Muswada umepita, sawa, lakini angalau tuna mtu."

"Nimesikia, dada," alisema Nukta.

Kila karani wa chumba kile alikuwa ameapa kutotoa siri ya kilichochapwa mpaka kijitabu cha juma kitoke, na kabla hakijatoka, wabunge walipewa siku chache za kuomba masahihisho ya makosa madogo madogo. Alijiambia kuwa Jumatano ijayo dada atasoma mwenyewe, naye hatakuwa amevunja kiapo.

Alhamisi asubuhi msaidizi wa Mheshimiwa alishuka ngazi mpaka chumbani kwake. Alikuwa kijana, shati limepigwa pasi likasimama, sauti laini kama ya muuguzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Tunakuletea kazi ndogo tu." Akaweka fomu ya masahihisho mezani, tayari imejazwa. "Kwenye kura ya Jumanne kuna kosa la uchapaji. Mheshimiwa alisema hapana, pameandikwa ndiyo. Kidole kimeteleza. Ni mambo ya kibinadamu."

Nukta alitaka kumwambia kwamba kidole kikiteleza huangukia herufi ya jirani, na kutoka hapana mpaka ndiyo ni mbali mno kwa kidole kimoja. Badala yake akaivuta fomu karibu. "Nitasikiliza tena sauti," alisema.

"Sikiliza, mama, lakini kesho mchana tungependa iwe imesainiwa." Akainuka, akaitazama picha iliyoegemea kompyuta. "Huyu ndiye binti? Yuko kidato cha tatu sasa, sivyo? Shule ile ya ng'ambo ya daraja. Ile barabara ina madereva wabaya. Mwambieni awe anaangalia."

Akaaga kwa adabu ile ile, akafunga mlango polepole usigonge.

Nukta alibaki amekaa. Hakumbuki alikaa kwa muda gani. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote pale binti yake yuko kidato gani, wala shule yake iko upande gani wa daraja.

Alipopata nguvu alivaa vipokea sauti akairudisha rekodi. Na hapa lazima isemwe wazi: alikuwa anaomba awe amekosea. Alimwomba Mungu kwa moyo wake wote kwamba Jumanne masikio yalimdanganya, kwamba sasa atasikia hapana, asaini, arudi nyumbani. Alisikiliza kwa sauti ya juu, akasikiliza kwa sauti ya chini, akafumba macho, akasikiliza kwa sikio moja. Mara kumi na moja. Kila mara Mheshimiwa alisema ndiyo, akakohoa.

Akapanda kwa mkuu wa kitengo. Huyu walimwita Subiri, maana hata ukimwambia jengo linaungua angekuambia usubiri. Alimsikiliza, akainuka akafunga mlango, kisha dirisha, ingawa nje kulikuwa na joto.

"Mimi nimebakiza miezi saba nistaafu," alisema.

"Najua, bosi. Nifanye nini?"

"Sauti zinatunzwa siku thelathini, kisha zinafutwa. Baada ya hapo kinachobaki ni karatasi yenye saini yako. Ukikubali masahihisho na siku moja likaja kujulikana, ni wewe. Ukikataa, wakakasirika, ni wewe pia." Akaipangusa meza isiyokuwa na vumbi. "Sikukuambia kitu, Nukta."

Jioni, jua likiwa bado juu, alimkuta mumewe uani, kichwa ndani ya jokofu la watu alilokuwa akilitengeneza. Alimweleza yote akiwa amesimama, mkoba begani. Mume alikitoa kichwa, akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Saini," alisema.

"Unasema kweli, baba watoto?"

"Nasema kwa woga. Lakini woga wangu hauna aibu. Kalamu ni yako, mke wangu, ila mtoto ni wetu."

Nukta hakumkasirikia. Alilokuwa analisema mume ndilo alilokuwa akijiambia yeye njia nzima. Alikwenda kufunga geti, akaona gari jeupe limeegeshwa mbele ya duka la dawa la upande wa pili. Ndani alikaa mtu mmoja, mikono juu ya usukani, hashuki, haondoki. Alipochungulia tena baada ya kuchemsha chai, lilikuwapo. Simu ya mezani ikalia. Alipopokea akasikia pumzi tu. Ikalia tena, pumzi tena. Mara ya tatu mtu aliuliza kwa upole, "Umeshasaini, mama?" Akaichomoa waya.

Ijumaa asubuhi alimsindikiza binti yake shuleni kwa miguu. Hakuwa amefanya hivyo tangu mtoto akiwa darasa la pili.

"Mama, watu wanatuangalia."

"Waache waangalie. Macho hayana ushuru."

"Nimefanya kosa gani?"

"Hujafanya kosa."

Walivuka daraja. Kila gari lililopita kwa nyuma lilimfanya Nukta amvute mtoto upande wa ukingo. Walipofika getini binti akautazama mkono uliokuwa umemshika. "Umelowa jasho, mama," alisema, na hakuuliza zaidi. Akaingia shuleni akigeuka geuka nyuma.

Basi Nukta alifika kazini akiwa ameamua kusaini. Tusimpambe kwa ushujaa ambao hakuwa nao. Alikaa, akavuta fomu, akafungua kalamu. Lakini miaka kumi na tisa ya kazi haimruhusu mtu kutia saini kitu ambacho hajakisoma, naye akaanza kusoma kutoka juu, pamoja na yale maandishi madogo ambayo hakuna ayasomaye. Chini ya maelezo ya msaidizi palikuwa na sehemu moja tupu: Matokeo ya kusikiliza upya, yajazwe na karani. Na chini kabisa: Kila ombi, lililokubaliwa au kukataliwa, litachapwa mwishoni mwa kijitabu.

Aliisoma sehemu ile tupu mara mbili tatu. Angeweza kuandika kwamba amesikia hapana, akamaliza. Aliiweka ncha ya kalamu kwenye karatasi na mkono ukaanza kumtetemeka. Alijiuliza ni uongo gani hasa unaomtetemesha hivyo, maana amechapa uongo wa watu wengi maisha yake yote bila kutetemeka. Lakini ule ulikuwa uongo wao. Huu ungekuwa wake, kwa mwandiko wake, juu ya nyumba ya dada yake.

Akaandika: Nimesikiliza sauti mara kumi na moja. Mheshimiwa anasema Ndiyo. Kisha anakohoa. Ombi halikubaliki. Herufi zilikuwa mbaya kama za mtoto wa darasa la kwanza. Alisaini kabla hajapata muda wa kujuta, akaichukua fomu kwa mikono yake mpaka chumba cha uchapaji, akasimama pale mpaka ilipogongwa muhuri na kuandikwa daftarini. Kisha akarudi mezani kwake.

Msaidizi alikuja saa nane. Alipoambiwa fomu imeshapokelewa, alitabasamu akashukuru. Hakujua bado kilichoandikwa. Tabasamu lile lilimsumbua Nukta kuliko kitisho chochote.

Kijitabu kilitoka Jumatano. Siku nne hakikutokea kitu, na hizo ndizo zilizomkondesha. Hakula, hakumruhusu mtoto kwenda hata dukani, na mume akaanza kumsubiri kituoni akiwa ameshika spana kubwa, eti anatoka kazini nayo. Kisha mwalimu mmoja mstaafu wa bondeni, mtu wa kusoma kila kitu mpaka karatasi za kufungia sukari, alifika ukurasa wa mwisho. Habari zikaenea kama moto wa makuti, na Mheshimiwa akatuma ujumbe mwingine: Karani mmoja mzembe amenichafua. Kura yangu ilikuwa hapana. Karani huyo atachukuliwa hatua.

Nukta aliusoma akiwa ngazini, akashikilia ukuta. Dakika chache baadaye dada akapiga.

"Umeona mambo ya huko kwenu? Huyo karani, mdogo wangu, nikimtia mkononi! Mtu mmoja anatutetea peke yake, na nyie mnaokaa kwenye viti vya kuzunguka mnamwandikia uongo. Unamjua ni nani?"

"Namjua."

"Nani?"

"Ni mimi, dada."

Alisikia cherehani ya upande wa pili ikisimama.

"Wewe ulisikia kwa masikio yako?"

"Mara kumi na moja."

"Na siku ile nakusomea ujumbe, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa nimeapa."

Dada aliuliza, sauti imeshuka, "Hiyo sauti ipo bado?"

"Ipo. Inafutwa baada ya siku thelathini. Leo ni ya kumi na tatu. Mwananchi yeyote anaruhusiwa kuomba kuisikiliza, ila hakuna anayeomba."

Simu ikakatwa. Nukta alidhani amempoteza dada pamoja na vyote vingine.

Kesho yake asubuhi dada alikuwa kwenye geti la bunge na wanawake kumi na wanne wa bondeni, na yule mwalimu mstaafu akiwa na barua ya maombi nakala tatu. Walikaa chini kivulini wakakataa kuondoka. Saa sita waandishi wa habari walikuwa wengi kuliko wao. Siku ya pili wakaingizwa kwenye chumba kidogo cha mikutano, na Subiri mwenyewe, jasho likimtiririka, akabonyeza kitufe. Nukta alisimama mlangoni. Jina likaitwa. Ndiyo. Kikohozi.

Hakuna aliyepiga kelele. Bibi mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi alisema, "Rudisha." Subiri akarudisha. Bibi akaitika kwa kichwa, akainuka, wengine wakamfuata.

Mheshimiwa alituma ujumbe wa tatu. Kura yangu, aliandika, ilizingatia maslahi mapana ya taifa. Radhi hakuomba. Nukta naye alipewa barua ya uhamisho wa kawaida kwenda ghala la karatasi, ambako hakuna cha kusikiliza isipokuwa panya. Hakuna aliyemgusa mtoto. Lile gari jeupe lilionekana mara mbili zaidi mbele ya duka la dawa, kisha halikuonekana tena, na mpaka leo hajui kama lilitumwa au dereva alikuwa anamsubiri muuza dawa.

Bonde lilibomolewa, maana sheria ilikuwa imeshapita. Dada alihamia kwa Nukta na cherehani yake, akaiweka sebuleni chini ya dirisha. Wiki ya kwanza walizungumza mambo ya chumvi na maji ya kuoga tu. Kisha dada, akitia uzi kwenye sindano, alisema bila kuinua macho, "Ungeniambia mapema ningekuchukia kwa wiki moja tu."

"Niliogopa," alisema Nukta.

"Sasa je?"

"Sasa pia."

Uchaguzi ulipofika, Mheshimiwa alianguka kwa kura mia nne na kidogo. Mbunge mpya ni mwanamke mkimya, hapendi kutuma ujumbe. Hata hivyo kila Jumatano dada hupanda basi mpaka bungeni, hurudi na kijitabu, huvaa miwani, na kupitisha kidole kwenye orodha ya majina mpaka afike kwa mbunge wake. Nukta husimama jikoni, sufuria mkononi, akingoja dada asome.