Samar, Samer na Alifu ya Bwana Fawzi

Ghinwa Saliba aliuza dawa za kikohozi mtaa wa Furn el-Shebbak, Beirut, na baina ya mteja na mteja aliandika hadithi. Hakuandika habari za vita, maana hizo wazee wake walikuwa wameshazimaliza kuzisimulia na bado wanazisimulia. Aliandika vitu vya kumfanya kijana asahau kuchaji simu umeme uliporudi, na mjini kwao kusahau hilo si jambo dogo.

Hadithi zake zilikuwa tano, na hakuna iliyofanana na mwenzake. Kulikuwa na ya jini anayekaa kwenye lifti. Kulikuwa na ya wapelelezi wawili wa Tripoli, na ya rubani na fundi wake katika chombo cha angani ambacho jenereta yake hufa kila jioni. Nyingine ilikuwa ya zama za masultani, na ya mwisho ya kuchekesha, harusi yenye bibi harusi wawili ambayo watu walisahau kumwalika bwana harusi. Katika zote waliopendana walikuwa msichana na msichana, au kijana wa kiume na mwenzake, na hakuna aliyekufa kwa sababu hiyo. Kwenye hilo Ghinwa alikuwa mkali. Alisema amechoka kusoma vitabu ambamo watu kama yeye hawajamaliza hata kushikana mikono, mwandishi ameshawachimbia kaburi.

Ghinwa mwenyewe alikuwa na Lusin, binti wa Kiarmenia wa Burj Hammud, mchoraji mwenye vidole vya wino na mdomo usiojua kunyamaza. Mbele ya watu Lusin alikuwa rafiki. Sisi Waswahili tungesema shoga yake, na neno letu hilo lina vituko: wanawake huitana shoga mchana kutwa na hakuna anayegeuza shingo, likimwangukia mwanamume tu watu wanaanza kuokota mawe. Beirut hawana neno hilo. Upofu wenyewe wanao, na wa kutosha.

Aliyekubali kuchapa hadithi hizo ni Bwana Fawzi Tannus, mchapishaji wa vitabu vya sarufi na hesabu. Alitaka kitabu cha vijana kwa sababu mshindani wake alikuwa amepata tuzo kwa kitabu cha vijana. Akasoma mwanzo wa hadithi ya lifti, akamwona jini, akacheka, akatia saini. Lusin akachora jalada: wasichana wawili ndani ya lifti, bega kwa bega, na jicho la jini pale panapokaa kitufe cha dharura.

Kitabu kilipokuwa karibu kwenda mtamboni, mke wa Bwana Fawzi alikichukua akasome baada ya chakula cha mchana. Muda si muda akaketi wima.

"Fawzi, hawa wasichana wanabusiana."

"Si wamefurahi lifti imefunguka?"

"Fawzi. Mdomoni."

"Mara moja tu, labda."

"Kurasa mbili!"

Mtu mwenye akili zake angempigia simu mwandishi. Bwana Fawzi alikuwa na kalamu nyekundu. Kiswahili kingemwokoa mtu kama yeye: "anampenda" ni anampenda, aliyevaa sketi na aliyevaa suruali wote mule mule, msomaji ajijue. Kiarabu hakina huruma hiyo, kila kitenzi hutamka jinsia ya mtendaji. Kwenye majina mambo yalikuwa mepesi. Samar, msichana wa kwenye lifti, ukimchomeka alifu moja tumboni anakuwa Samer, mwanamume kamili. Amir, mmoja wa wapelelezi, ukimfungia kijiherufi mkiani anakuwa Amira. Alasiri moja, vikombe kadhaa vya kahawa, na Bwana Fawzi akawa amewaoza watu wote wa kitabu kwa njia inayokubalika. Lile jalada la Lusin akaliondoa, akaweka picha ya lifti tupu.

Tatizo ni kwamba alibadilisha majina na vitenzi, maisha ya watu akayaacha yalivyo. Samer akabaki na misuko inayofika kiunoni. Akabaki anasoma chuo kikuu huku akilala hosteli ya wasichana inayoendeshwa na masista. Walipotolewa kwenye lifti iliyokwama, giza limeshaingia, mama yake Dina, mpenzi wa Samer, aliwatandikia wote wawili godoro moja chumbani kwa bintiye, akawaambia, "Laleni wanangu, mmechoka," akafunga mlango. Huko Tripoli, Amira aliendelea kunyoa ndevu kila asubuhi, na alipomfuatilia mwizi hadi hamamu ya wanaume, akiwa na taulo tu, hakuna aliyeshtuka. Hata mwizi.

Ghinwa alikifungua kitabu akiwa dukani, mteja mbele yake akisubiri vidonge vya tumbo. Yule mteja anasema hadi leo kwamba alidhani binti kapata habari ya msiba. Ghinwa akaliacha koti jeupe kwenye kiti, akaenda ofisini kwa Bwana Fawzi.

"Bwana Fawzi, huyu Samer ni nani?"

"Kijana mzuri tu."

"Ana misuko."

"Vijana wa siku hizi wanasuka."

"Anaishi hosteli ya masista!"

Bwana Fawzi akafikiri. "Huenda ni mtunza bustani."

"Na Amira mwenye ndevu?"

"Ghinwa, binti yangu, mimi nimekulinda. Wewe ni mdogo, hujui watu. Iko siku utanishukuru."

Alirudi kwa Lusin, akalia kwa hasira mpaka kwikwi zikamshika. Lusin akakisoma kitabu chote akiwa amesimama, kisha akasema, "Kawaua watu wako wote na hajamwaga hata tone la damu. Mchinjaji mzuri huyu."

Sasa, shule ya masista iliyokuwa ikinunua sarufi kwa Bwana Fawzi ilichukua kitabu hicho kwa wanafunzi wa darasa la mwisho, wasome likizo. Wanafunzi wakakisoma. Balaa ni kwamba mama zao nao wakakisoma.

Simu za shule zikawaka moto. Mvulana analazwa chumbani kwa binti, na mama ndiye anayetandika? Mwanamke kwenye hamamu ya wanaume, na taulo? Mama mmoja, mke wa daktari wa meno, alisema kitabu hiki kitavunja familia za Kikristo na za Kiislamu kwa pamoja. Hilo lilikuwa jambo la kwanza kwa muda mrefu ambalo pande hizo mbili zilikubaliana.

Bwana Fawzi akaja dukani kwa Ghinwa, jasho linamtoka, akaomba dawa ya presha.

"Una cheti cha daktari?"

"Ghinwa, usinifanyie hivyo. Sista Klemans wa ile shule anataka kuvunja mkataba wa sarufi. Tuwarudishe."

"Tuwarudishe akina nani?"

"Samar wako. Awe msichana tena, leo hii. Msichana na msichana wakilala godoro moja, kuna ubaya gani? Marafiki hao! Na Amir aende zake hamamu na mwenzake, wakaoge, usafi huo."

Ghinwa alimtazama, hajui acheke au amrushie chupa ya spiriti. Mtu yule yule, kwa woga ule ule, aliyewageuza watu wake ili wasionekane, sasa anawarudisha kwa kuwa ana hakika hawataonekana.

"Kila herufi," akasema. "Na jalada la Lusin."

"Kila herufi! Na jalada! Naomba dawa, binti yangu."

Toleo la pili likatoka kama lilivyoandikwa, busu la kurasa mbili likiwemo. Shule ikafurahi. Sista Klemans akamwalika Ghinwa azungumze na wazazi, na Mama Elia, mama yake Ghinwa, akaenda saluni tangu asubuhi, akakaa kiti cha mbele na msalaba wake wa dhahabu. Lusin akakaa nyuma kabisa, karibu na sahani ya maamuli, biskuti za tende zenye unga wa sukari.

Sista akakisifu kitabu. Kisha mke wa daktari wa meno akasimama, mkono kifuani.

"Sasa hiki ndicho kitabu! Nimewapenda sana hao Samar na Dina. Wanavyopendana kidada, halafu wanabusiana shavuni! Wasichana wetu siku hizi hawana urafiki safi kama huo. Tuambie, mpenzi, funzo la hadithi ni nini?"

Ghinwa alikuwa na jibu la urafiki mfukoni, la kuwaridhisha watu na kuondoka salama. Alisema baadaye kwamba ingemtosha kutabasamu. Lakini neno "shavuni" lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Sio shavuni, Madam," akasema. "Na sio dada. Ni wapenzi. Nimeandika kurasa mbili ili mtu asikosee, na bado umekosea. Funzo ni kwamba mtu asome kilichoandikwa."

Sista Klemans akatangaza kwamba kahawa iko tayari, nayo haikuwa tayari. Kule nyuma, Lusin akapiga makofi peke yake, unga wa sukari ukimruka vidoleni.

Wakarudi nyumbani kwa miguu, Ghinwa na mama yake. Kwenye kona ya kwao Ghinwa akamvuta mkono.

"Mama, sema basi."

"Ungeweza kudanganya."

"Nimechoka kudanganya."

"Wewe umechoka?" Mama Elia akasimama katikati ya njia. "Wewe? Mimi ndiye ninayewadanganya shangazi zako miaka yote hii! Leo Ghinwa ana mchumba Kanada, kesho mchumba kapata ajali, kesho kutwa kapona lakini ni Mprotestanti. Najua hata jina la mbwa wake! Ungeniambia mapema kwamba siku moja utasema ukumbini, mbele ya mke wa daktari wa meno, nisingejisumbua."

"Kumbe unajua?"

"Lusin akija, sahani mbili zinaoshwa kwa saa nzima, jikoni mmejifungia. Mimi ni mama yako, sio Bwana Fawzi." Akatembea hatua chache, machozi yakamtoka, akayafuta kwa ukali. "Sijafurahi. Usije ukadhani nimefurahi."

"Sawa, Mama."

"Na yule mwanamke mjinga. Shavuni!"

Shule ilikiondoa kitabu juma lile lile. Bwana Fawzi akapatwa na mafua makali yaliyomtaka akapumzike kijijini kwao, na magazeti mawili yakaandika dhidi ya Ghinwa bila kusoma zaidi ya jalada. Mwenye duka alimhamishia chumba cha nyuma, kuhesabu stoo, eti wateja wasikereke. Baada ya muda akamrudisha mbele, maana mpwa wake aliyemweka kaunta alimpa mtu dawa ya minyoo kwa ajili ya mafua. Maboksi ya kitabu yaliyobaki kwa Bwana Fawzi, Lusin aliyabeba kwa gari la kaka yake, na Ghinwa akawa anauza nakala chini ya kaunta. Wasichana na vijana wakaanza kuingia dukani kuomba pipi za koo hali hawakohoi, wakisogeza shingo na kunong'ona, "Na ile ya lifti." Wengine, ajabu, walitaka toleo lile bovu, la Samer mwenye misuko anayeishi kwa masista. Ghinwa aliudhika sana. Kijana mmoja wa chuo alipomwambia kuwa hicho ndicho kitabu pekee alichowahi kujiona ndani yake, alimtafutia nakala kimya kimya, na hakumweleza kwamba aliyemwandika Samer huyo alikuwa Bwana Fawzi.

Shangazi wawili wameacha kuja nyumbani. Wa tatu anakuja mara mbili zaidi, ili asipitwe na lolote. Mama Elia humkaribisha, humwekea kahawa, na akiulizwa habari za mchumba wa Kanada husema alikufa. Kisha humwita Lusin aje kutoa vikombe.