Ndege Iliyopigiliwa Matairi

Ndege ya majini haina matairi. Naanza na hilo kwa sababu kuna watu wazima hapa Butiama nimewaeleza mpaka mate yamenikauka.

Baba yangu alikuwa fundi wa mitumbwi Musoma. Masalia ya mbao alikuwaga anayaundia mapambo ya sebuleni: meli ya zamani ya moshi, na ile ndege ambayo babu aliiona utotoni ikitua ziwani kwa tumbo, kama bata. Alinifundisha mimi kwa sababu kaka zangu walikimbia vumbi la msasa. Sharti lake lilikuwa moja: pambo la majini lipite kwenye beseni kabla halijatoka nyumbani. Lisipoelea, alisema, umeunda uongo.

Nikaolewa huku vilimani, kwa watu wa ng'ombe. Wakanivumilia na randa yangu. Mwaka jana hoteli moja ya mtaa wa Mukendo, Musoma, ikaniagiza ndege ya kuweka mapokezi, kwa simu, na meneja akasema ikimpendeza ataagiza na meli. Niliitaka meli ile. Ndiyo ingenifanya niitwe fundi, siyo mke wa mtu mwenye michezo ya mbao. Nikachonga na mimba yangu mpaka tumbo likanizuia kuegemea meza. Pangaboi nikazikata kwa bati la kopo la maziwa. Ikaelea. Ilibaki vanishi tu, uchungu ukanikamata.

Mama mkwe akasema mzazi hashiki kisu wala gundi mpaka kitovu cha mtoto kidondoke. Sikubishana, nyumba ni yake. Vanishi na safari ya kuipeleka akampa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu.

Kitovu kilipodondoka nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda Musoma. Ndege yangu niliikuta mapokezi imesimama. Imesimama kwa matairi ya vizibo vya soda, yamepigiliwa misumari tumboni.

"Nzuri eeh?" dada wa mapokezi akaniambia. "Kaiunda kijana wa Butiama. Wageni wanaipiga picha hiyo."

"Alikwambia kaiunda yeye?"

"Si ndiye aliyeileta, mama? Tungemuuliza nani?"

Nikaomba beseni. Alidhani natania, lakini mtoto alikuwa analia na uso wangu haukuwa wa utani. Akaleta la kudekia. Nikaiweka ndege, ikanywa maji, ikalala ubavu mbele ya wageni na chai zao. Meneja akatoka ofisini.

"Mama, unaharibu kitu cha watu."

"Kimeshaharibiwa. Mimi ndiye uliyenipigia simu. Nimeiunda mimi."

"Basi aje kijana athibitishe."

Athibitishe. Yaani mimi nithibitishwe na mpigilia vizibo.

Nikamwambia nitairudisha, nikaondoka nayo ikinidondoshea maji kwenye sketi. Shemeji nilimkuta anafunga ndama.

"Shemeji, usinichukie," akasema. "Ilikuwa haina miguu. Ningepelekaje ndege kiwete mjini? Wangetucheka."

"Ni ya majini."

"Hata bata ana miguu, shemeji."

Mume wangu, pale pale zizini, akacheka. Hicho kicheko sijakisamehe.

"Na walipokuita fundi?"

Akahangaika na kamba ya ndama. "Walisema wenyewe. Mimi nilinyamaza tu."

Alinyamaza tu. Kama vile kunyamaza siyo kusema.

Nikang'oa misumari kwa koleo. Matundu nikayaziba kama baba alivyokuwa anaziba mitumbwi, kwa pamba, pamba mbichi aliyoniletea mama mdogo kutoka Bunda. Nikaisindilia kwa hasira mpaka ncha ya kisu ikavunjika. Nikajaza beseni katikati ya uwanja, wote waone. Ikaelea.

"Kesho unaibeba wewe," nikamwambia shemeji. "Mimi nabeba mtoto. Tukifika, unasema."

"Niseme nini mbele ya meneja?"

"Anza na matairi."