Salamu Yangu Maktabani

Nakumbuka Jumamosi moja bakuli langu lilirudi nyumbani limejaa. Mwanangu, wewe wa zama hizi huenda usione ubaya wake, kwa hivyo ngoja nikueleze. Kwetu hapa Kibokoni sahani ikienda kwa jirani hairudi tupu. Ukipeleka mkate wa sinia, itarudi na ndizi. Na jirani akiwa hana kitu siku hiyo, ataweka hata ndimu mbili, mradi sahani isirudi uchi. Basi sahani kurudi tupu ni aibu ya aliyepelekewa. Lakini sahani kurudi na kile kile ulichopeleka, hakijaguswa, hilo ni tusi. Ni kukwambia wazi kwamba hatuli chako.

Na ndani ya bakuli lile mlikuwa na kaimati. Nilikuwa nimeumua unga usiku, nimezikaanga asubuhi, nimezigaragaza kwenye sukari na iliki mpaka zikang'aa. Aliyelibeba alikuwa binti yangu Zulfa, wakati huo mtoto wa darasa la tano, mwembamba, maneno machache. Kila Jumamosi akitoka madrasa alikuwa akienda maktaba ya umma kule mjini, na mimi maktaba ile sikuipenda hata kidogo.

Usidhani sikujua kusoma. Shule nilimaliza na Kurani nimehitimu. Lakini nilikuwa mama kijana, mkali, nauza supu ya pweza barazani kwangu jioni, na mume wangu alishinda bandarini. Fikira zangu zilikuwa hizi: mtoto ana kwao, ana mkeka, ana taa; kwa nini akashinde kwenye nyumba ya watu? Tena nyumba yenyewe haina mwenyewe! Nilimuuliza, "Mwenye nyumba ni nani?" Akanambia, "Hana, mama. Ni ya watu wote." Nikamuuliza wanawapa nini. "Hawatupi kitu. Twakaa tu, twasoma." Hata maji? Hata maji. Lo! Nikasema moyoni, hawa ni wachoyo wa kupindukia, lakini mwanangu hataonekana kama hana mama. Ndipo nikakaanga kaimati zile.

Zulfa akarudi analia. "Wamesema chakula hakiingii, mama. Wamesema niliache bakuli nje. Nikaogopa litaibwa."

Mwanangu, damu ilinipanda. Wenye busara walisema hasira hasara, lakini maneno hayo mtu huyakumbuka akisha kupoa. Nilivaa buibui langu, nikamshika Zulfa mkono, bakuli amelishika mkono wa pili, tukatoka. Tulipita Biashara Street bila kuangalia hata leso moja, na aliyenijua enzi zile atakwambia hilo si jambo dogo. Mpaka mlangoni. Nikapiga hodi kama nilivyofunzwa, nikaingia kwa mguu wa kulia, nikatoa salamu kwa sauti ya mtu asiye na la kuficha.

"Assalamu alaikum!"

Kimya. Ukumbi mzima umejaa watu, wameinamisha vichwa, mapangaboi yazunguka juu, na hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa. Nikafikiri hawakusikia. Nikarudia, nikaiongeza sauti. Dada mmoja aliyekaa mezani karibu na mlango akaniangalia, akaweka kidole midomoni. Mimi! Mke wa mtu, mama wa mtoto, nanyamazishwa kwa kidole kama kitoto cha chekechea.

Wajua kwetu kutoa salamu ni sunna, na kuijibu ni wajibu. Hata mtu uliyegombana naye akikusalimu, wamjibu, kisha mwaendelea na ugomvi wenu. Nikamgeukia Zulfa hapo hapo, nikamwambia, "Huji tena hapa. Nyumba isiyojibu salamu haina baraka." Nikamvuta. Mkono wake ulilegea mkononi mwangu, nami nikauona ule ulegevu kuwa ni utiifu.

Hatujafika mbali nikasikia fimbo nyuma yangu, ko, ko, na mtu apumua kwa shida. "Binti yangu, wenda mbio hivyo wapi? Nina miguu ya kizee mimi."

Nikageuka. Alikuwa Mzee Karimbhai, aliyekuwa na duka la leso Biashara Street kabla ya kuwaachia wanawe. Leso za harusi yangu nilinunua kwake, na alinichagulia yeye mwenyewe maana mama yangu na shangazi walikuwa wakibishana. Akasimama, akavuta pumzi, akaweka mkono kifuani.

"Wa alaikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh," akasema. "Tumekujibu wote mle ndani. Wewe ndiye uliyetoka kabla jibu halijakufika."

Nikamwambia sikusikia jibu lolote, mzee wangu, nilioneshwa kidole tu. Akacheka. Akasema mle watu hujibu kwa moyo, kwa kuwa kila mmoja ana mgeni mbele yake, yule aliyekiandika kitabu, na si adabu kumkata mgeni kauli. "Na kaimati?" nikauliza. "Kaimati zimenoga sukari, naziona kutoka hapa. Sasa mtu akila moja akafungua kitabu, atakayekuja kesho atakuta nini? Sisimizi!" Akanyosha mkono, akachukua moja kutoka kwenye bakuli alilolishika Zulfa, akaila pale pale njiani, akalamba vidole. Tusi langu likawa limefutika, nami nilikuwa nalipenda bado.

Nikataka kuaga. Hakuniacha. "Mtoto huyu hukaa meza moja nami. Wajua husoma nini?"

Nikamtazama Zulfa. Nilikuwa nimeuliza mwenye nyumba ni nani, nimeuliza kama kuna maji. Hilo sikuliuliza.

"Husoma habari za pweza," akasema. "Ananiuliza maswali, mimi muuza leso, najua nini? Nikamwambia, mama yako ndiye mjuzi wa pweza mji mzima, kamuulize. Wajua alinijibu nini? Alisema, 'Mama ana kazi.'" Akanitazama bila ukali wowote, na hiyo ndiyo iliyoniuma. "Binti yangu, umekasirika kwa salamu moja isiyojibiwa. Yeye zake ngapi?"

Akageuka akarudi ndani, ko, ko.

Mwanangu, mtu mzima akikwambia neno la kweli barabarani, njia ya kurudi nyumbani huwa ndefu. Nilikumbuka. Zulfa alikuwa akikaa kwenye kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, karibu yangu ninaposafisha pweza, akiuliza: mama, kwa nini hubadilika rangi? Nami namjibu, kwa sababu ni pweza. Mama, ana damu? Nyamaza, nina kazi, leta ndimu. Kisha siku moja akaacha kuuliza, nami nikamshukuru Mungu kwamba mtoto amekua, ametulia. Kumbe hakutulia. Alikuwa amehama.

Jioni ile nikakaa naye, nikamwambia, "Haya, niulize la pweza." Akaniangalia kwa mashaka, kama anavyoangaliwa mtu aliyekopa zamani akaja leo na zawadi. "Si kitu, mama," akasema, akaleta ndimu bila kuagizwa. Nilitamani kulia. Nilifahamu kwamba swali la mtoto halirudi kwa kuitwa. Kwa hivyo kama nilitaka kulipata, sharti nilifuate liliko.

Jumamosi iliyofuata nikamwambia, "Leo twenda sote." Uso wake ukabadilika rangi, alidhani naenda kufanya fujo nyingine. Njiani akanibembeleza, "Mama, tafadhali usiwasalimu." Maskini ya Mungu! Mtoto wa Kibokoni kumuomba mama yake asisalimu watu!

Tukaingia. Mguu wa kulia kwanza, hodi nikaimeza. Nikasimama pale mlangoni, nikaweka mkono wa kulia kifuani, nikainamisha kichwa kidogo. Salamu nikaitoa kwa moyo, herufi kwa herufi. Yule dada wa mezani akaweka mkono kifuani. Mzee Karimbhai kule mwisho akanyanyua kichwa, akaweka wake. Kijana mmoja mwenye miwani, simjui hata leo, naye akaweka. Sijawahi kujibiwa salamu vizuri namna ile, wallahi. Zulfa akanishika mkono, na safari hii yeye ndiye aliyenivuta.

Akanionesha kitabu. Kimeandikwa Kiingereza, picha kubwa kubwa, akawa ananong'ona kwa Kiswahili na kidole chake chatembea juu ya mistari. "Mama, pweza ana mioyo mitatu." Nikasema, "Hata!" kwa sauti, na dada wa mezani akaweka tena kidole midomoni, nami nikaziba mdomo wangu kwa ukaya wa buibui kama mwari. Mitatu! Mimi nimewapiga pweza kwenye jiwe tangu sijaolewa, nimewapasua, nimewapika kwa tangawizi na ndimu, na moyo hata mmoja sijapata kuuangalia. Nilikuwa nautupia paka pamoja na matumbo. Walisema usilolijua ni kama usiku wa kiza, lakini mimi kiza changu kilikuwa ndani ya sufuria yangu mwenyewe.

Nikaanza kuuliza mimi. Na damu je? Ya buluu, mama. Usiniambie! Na mayai? Hapo Zulfa akapunguza sauti zaidi. Akasema pweza jike hutaga mayai yake pangoni, kisha hukaa mlangoni akiyalinda. Haendi kuwinda, hali kitu, huyapulizia maji tu yapate pumzi, na watoto wakisha kutoka, yeye hufa. Tukaitazama ile picha. Kisha akasema, macho yake kitabuni, "Mimi sitaki ufe, mama. Wewe kula."

Sijui hata leo alikusudia nini. Nilijua tu kwamba nilikuwa nimekaa mlangoni mwake muda mrefu, nimejaa ulinzi, na pumzi sikumpa. Machozi yalinitoka mle ndani, na uzuri wa mahali pale ni kwamba hakuna aliyekuja kuniuliza nina nini.

Jioni tuliporudi nikamchukua pweza mbichi, nikamwita Zulfa, nikampasua polepole, tukaitafuta ile mioyo. Mmoja tuliuona bila shaka. Ile midogo miwili tukabishana, mimi nasema hii hapa, yeye asema hiyo si yenyewe, mpaka wateja wakaja wakakuta supu haijachemka. Niliwaambia wangoje, nina kazi.

Sasa usidhani nitakwambia Zulfa amekuwa bingwa wa pweza. Hapana. Yuko Ganjoni, ameajiriwa kwenye ofisi ya mizigo, na pweza ampenda wa nazi. Ana binti, Nasra, mwenye mdomo usiofungika. Juzi nilikuwa kwao, mtoto amuuliza mama yake kwa nini mwezi watufuata tukitembea, na Zulfa, macho kwenye kompyuta, akamjibu, "Nasra, nina kazi. Uliza simu." Mwanangu, nilisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kinywani mwa mtu mwingine. Nikamwambia Zulfa nampeleka mtoto maktaba. Akacheka, "Mama, wewe uliyepachukia? Siku hizi kila kitu kimo kwenye simu." Sikubishana naye. Nikachukua tuktuk, na mjukuu wangu.

Pale mlangoni nikaweka mkono kifuani. Nasra akanivuta buibui. "Bibi, mbona hujatoa salamu?" Nikamnong'oneza, "Nimetoa. Tazama sana." Akatazama, akaiona mikono miwili mitatu ikipanda vifuani. Macho yalimtoka! Tukatafuta kitabu cha mwezi, tukakaa. Kiti cha Mzee Karimbhai kina mtu mwingine sasa, Mungu amrehemu, lakini fimbo yake mimi huisikia.

Jioni kabla ya kufunga nikanyanyua kichwa, nikamuona Zulfa amesimama mlangoni, mkoba wa kazi begani. Alikuja kumchukua mwanawe. Hakuita. Alisimama pale akatutazama kitambo, kisha akaweka mkono kifuani. Nasra ndiye aliyemjibu wa kwanza, mkono wake mdogo kifuani, kisha akamsogezea kiti na kumwambia kwa kunong'ona, "Njoo uone, mama." Zulfa akaweka mkoba chini, akakaa.

Basi neno langu ni hili, mwanangu. Usiifungie mlango nyumba ambayo hujaingia ukakaa. Simu sikukatazi, hata mimi ninayo, lakini simu haitakufuata barabarani na fimbo yake ikurudishie salamu yako. Mtoto akikuuliza, mjibu. Kama hujui, sema sijui, kisha mshike mkono mwende mkatafute. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumfunza mtoto kwamba akuulizapo anakusumbua. Swali lake ni salamu, nawe kulijibu ni wajibu wako.

Mola akupe watoto wenye maswali mengi kuliko majibu yako, akupe na subira ya kukaa nao kiti kimoja. Sahani zako zisirudi tupu, na popote utakapobisha hodi, hata penye kimya, asikose wa kukuwekea mkono kifuani. Amin.